Rock ya Dar: mashabiki wapo, vyombo viko wapi?

Kaa na mashabiki wa rock wa Dar es Salaam kwa muda wa soda moja tu, utaambiwa mambo mawili: kwamba Freddie Mercury ni wa kwetu, na kwamba jiji hili lina rock yake ila redio zinaibania. La kwanza tulimalize haraka. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Unguja mwaka 1946, bendi yake ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wenzake huko Panchgani, India, na mwaka 1964 familia yake ilihamia Uingereza akiwa bado kijana asiyejulikana. Kujivunia ruksa, na Shangani kuna makumbusho yake, lakini muziki uliompa jina haukutoka Forodhani. Mjadala wenyewe uko kwenye hilo la pili.

Ushabiki wenyewe sina shaka nao. Nenda kwenye shoo zao, kwenye kumbi za Mikocheni na Msasani zisizobagua aina ya muziki, utakuta fulana nyeusi katika joto la Februari na watu wanaoimba kila neno. Mpiga drams anafika kwa bodaboda na begi mgongoni, ndani ana vijiti vyake na pedali yake mwenyewe, kwa kuwa drams za kukodi huja bila pedali au na iliyolegea. Sahani moja ya drams ina ufa, mtu ameutoboa tundu mwishoni kwa drili ili usiendelee. Uzi wa gita ukikatika katikati ya wimbo, mpiga solo wa bendi inayofuata anavua gita lake na kulipandisha jukwaani bila kuombwa. Inapendeza sana. Ila geuka utazame ukumbi: nusu ya wanaoshangilia ni wanamuziki wanaosubiri zamu yao. Bendi ya pili ndiyo mashabiki wa bendi ya kwanza.

Wapinzani wa rock wako wa aina mbili, na aina moja hainisumbui. Hao ni wanaosema si utamaduni wetu, ni kelele za wazungu, wengine wanaongeza na ushetani. Dansi, ambalo leo tunaliita zilipendwa na kulitolea machozi, lilianza na bendi kama Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, na vijana wa enzi zile walikaa na santuri za Cuba wakinakili noti kwa noti. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku hapahapa Dar kwa hoja hiyohiyo ya utamaduni. Soul haikuua utamaduni wa mtu.

Tena rock ya hapa ina historia kuliko wapinzani wanavyojua, na kuliko mashabiki wengi wanavyojua. Sunburst ilianzishwa Dar mwaka 1970, ikapiga rock iliyochanganywa na funk na midundo ya Afrika. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya santuri ya Strut ikaitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine. Kwa hiyo mkusanya santuri wa Ulaya anaijua Sunburst, na kijana wa Ilala anayejiita mwanarock hajawahi kuisikia. Katika nyimbo zao walitia hata "Ukuti Ukuti", ule wa watoto wa uwanjani. Hapo ndipo ninapoachana na mashabiki wengi wa leo. Wao huona wimbo wa rock wa Kiswahili kama mzaha, wakati shangwe kubwa ya usiku huja bendi inapopiga kopi ya wimbo wa Marekani wa miaka ya 90. Bendi ikitoa wimbo wake, watu wanakwenda kununua bia. Huwezi kuilaumu redio kwa kubania nyimbo ambazo wewe mwenyewe unazikimbia zikipigwa mbele yako.

Aina ya pili ya wapinzani ndiyo nzito, nao hawazungumzii utamaduni hata kidogo. Wanazungumzia hesabu.

Tujiulize bendi za dansi ziliishije. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa chini ya vijana wa chama tawala. Mlimani Park ikaja kubebwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ndiyo maana hadi leo watu wanasema DDC Mlimani. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mpiga besi alikuwa na mshahara. Ndiyo, alikuwa akilalamika, wanamuziki wakihama bendi kila kukicha kufuata maslahi, lakini amplifaya haikuwa deni lake. Mfumo ule ulipolegea, kizazi cha Bongo Fleva kikaja na jibu lake katika miaka ya 90: mwimbaji mmoja, prodyuza mmoja, biti kwenye kompyuta. Leo msanii anapanda jukwaani na DJ na flashi. Promota akipewa bendi ya rock anahesabu watu watano, gari la vyombo, fundi mitambo, saa mbili za kujaribu sauti na jenereta ya akiba. Simlaumu akimpigia simu yule wa flashi.

Mashabiki hujibu kwa kutaja Zambia. Mfano mzuri, ila wanausoma nusu. Kweli, miaka ya 70 Zambia ilikuwa na Zamrock, na bendi kama WITCH zilijaza kumbi. Lakini nyuma ya magita yale kulikuwa na fedha ya shaba, miji ya migodi yenye vijana wenye mishahara, na agizo la Rais Kaunda kwamba sehemu kubwa kabisa ya muziki wa redioni iwe ya Wazambia. Bei ya shaba ilipoanguka, kumbi nazo zikaanza kufifia, na mapenzi ya mashabiki hayakuziokoa. WITCH wamerudi majukwaani katika miaka ya karibuni wakiwa na mwimbaji wao Jagari Chanda, baada ya santuri zao kuchapishwa upya na wageni.

Kuna hoja nyingine ya wapinzani ambayo kwangu ina uzito, ingawa mashabiki huichukia: kwamba hasira na fujo ambazo kijana wa mji mwingine angezitafuta kwenye rock, kijana wa Dar alishazipata uswahilini. Mchiriku, kwa kinanda kidogo cha Casio na spika za honi zinazokwaruza, umewapeleka kundi la Jagwa Music hadi majukwaa ya Ulaya. Singeli hukimbia kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso, Mburahati, zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Shabiki wa rock aliyelelewa Masaki hupenda kusema Dar haina muziki mkali. Ashuke Manzese siku ya kigodoro, ule mkesha wa muziki wa mtaani, halafu tuongee.

Hata hivyo hoja hiyo haifungi mlango. Singeli haimfundishi mtu kupiga besi. Muziki wa bendi ni ufundi wa mikono, na sasa hivi Dar imeuachia makanisa kwa sehemu kubwa; drams na magita ya uhakika yako madhabahuni, na vijana wengi wanaopiga rock Ijumaa wanapiga mapambio Jumapili asubuhi. Mwanarock mwenye akili angejua kwamba ndugu zake ni hawa wa kanisani na wazee wa Msondo (ile NUTA ya zamani) na Sikinde (Mlimani Park), si watu wa fulana nyeusi wa Nairobi anaowaonea wivu mtandaoni. Wote wanaumizwa na kitu kimoja, yaani ukodishaji wa vyombo na ukosefu wa pa kufanyia mazoezi bila majirani kuita mjumbe.

Taasisi za kitamaduni za nje zinasaidia kwa kuandaa shoo, na si vibaya, ila kiingilio chao cha bure kimewazoesha mashabiki vibaya. Mtu anayeapa kwamba rock ni maisha yake hununua bia tatu, halafu ananuna akiombwa kiingilio cha shilingi 10,000.

Mimi ningewapeleka kwenye bonanza. Jumapili alasiri, baa za Kinondoni na Sinza, ambako bendi za dansi hupiga mbele ya watu waliokuja na familia kula kitimoto au mbuzi choma. Waombe nusu saa kabla ya bendi kubwa, kwa vyombo ambavyo vimeshafungwa tayari, wapige nyimbo nne zao wenyewe na kopi moja. Wiki za mwanzo watazomewa, na wapo mashabiki watakaosema huko ni kujidhalilisha. Mwenye baa hana habari na ubishi huo. Yeye ataangalia kama meza za mbele zimehama gita lilipoanza kukwaruza, au zimeagiza tena.