Ukifika Cairo, anzia Roda

Watu wengi wa kwetu Afrika Mashariki wakienda Cairo huwa na jambo moja tu kichwani: piramidi za Giza, picha juu ya ngamia, basi. Siwalaumu. Ila mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia avuke kwenda Kisiwa cha Roda, katikati ya Mto Nile, ateremke mpaka ncha ya kusini. Hapo pana bustani, kasri la Monasterli la mwaka 1851, makumbusho ya Umm Kulthum, yule mwimbaji mashuhuri wa Misri, na kisima cha kupimia kina cha mto. Kutoka kimoja hadi kingine ni hatua chache tu.

Kisima kwa nje hakina makuu, ni paa lililochongoka tu. Mambo yako ndani. Kilijengwa mwaka 861, zama za Khalifa al-Mutawakkil wa Bani Abbas. Ngazi za mawe zinashuka zikizunguka kuta, na katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye pembe nane, imechongwa alama za dhiraa, kila dhiraa nusu mita na kidogo. Maji yalikuwa yakiingia kwa mifereji mitatu iliyotoka mtoni, kila mmoja kwa kimo chake. Siku hizi imezibwa, ndiyo maana mgeni anashuka na viatu vyake havilowi. Ukiwa kule chini tazama matao ya ukutani yalivyochongoka juu. Makanisa ya Ulaya yalikuja kujulikana kwa matao ya namna hiyo karne kadhaa baadaye. Kisha toa sauti kidogo, usikie inavyozunguka.

Wengi hukisifu kama kazi ya sanaa, na kweli kinapendeza: kuna aya za Kurani kwa hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, zinazotaja maji na mimea. Lakini mimi nakiona kwanza kama ofisi ya kodi. Maji yakifikia dhiraa 16, mavuno yalitarajiwa kuwa mema na serikali ilidai kodi yake kamili. Yakipungua sana, njaa. Yakizidi mno, mashamba na vijiji vinazama. Kuna mkulima wa kule Delta ambaye hakuwahi kuitia machoni nguzo hii, na bado riziki yake ya mwaka ilisomwa hapa, na watu asiowajua.

Na hapa sisi tunajidanganya kidogo. Tunapenda kutamba kwamba Nile ni yetu, kwamba unatoka Jinja. Sawa, lakini maji ya Ziwa Victoria hushuka karibu sawasawa mwaka mzima. Mafuriko yaliyokuwa yakipanda kwenye nguzo ile mwezi wa Agosti na Septemba yalitoka nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu na Atbara. Kwa maneno mengine, Cairo ilikaa zaidi ya miaka elfu moja ikipima mvua za Ethiopia. Kisha likaja Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, mafuriko yakakoma. Anayetaka kuelewa kwa nini Misri hushtuka kila Ethiopia inapotaja bwawa lake la Nile ya Buluu, asimame chini ya nguzo hii kabla hajaanza kubishana mitandaoni.

Chetu hasa kiko mlango wa pili. Makumbusho ya Umm Kulthum, yaliyofunguliwa mwaka 2001, ni madogo, na utaona vitu vyake vya kila siku: miwani myeusi, kitambaa alichokuwa akikishika akiimba, magauni. Nyumba yake ya Zamalek, mtaa wa Cairo, ilivunjwa, pakajengwa hoteli, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi kana kwamba ilikuwa nyumba ya shangazi yangu. Mtu wa Zanzibar akiingia humu hawezi kujiona mgeni. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi, na huko ndiko taarabu yetu ilikopata mizizi yake. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905, na vikundi vya baadaye, kwa fidla zao zilizopangwa safu, vilikuwa vikiisikiliza Cairo kwa redio na santuri, na sauti iliyotawala ilikuwa ya bibi huyu.

Kasri lenyewe lina ukumbi wa muziki. Wizara zetu za utamaduni, zinazosafirisha ngoma kwenda kila maonyesho ya biashara, zingefanya jambo la maana kupeleka kikundi cha taarabu kikapige pale, usiku mmoja tu, mto ukiwa dirishani.

Kuna pia kasri la Manial, upande wa kaskazini wa kisiwa hichohicho, la Mwanamfalme Mohamed Ali Tewfik, lenye bustani ya miti aliyoikusanya kutoka nchi mbalimbali. Ni zuri sana, lakini ni kubwa. Lipe siku yake.