ASEC Mimosas si duka la Jangwani tu

Tangu kiungo Stephane Aziz Ki atue Yanga, klabu ya Jangwani, mwaka 2022, na Pacome Zouzoua na Yao Kouassi wamfuate mwaka uliofuata, shabiki wa Dar es Salaam akisikia ASEC Mimosas, klabu ya Abidjan, Ivory Coast, anawaza dirisha la usajili. Simba nao wana yao: waliwafunga 3-1 kwa Mkapa Februari 2022, kisha wakachapwa 3-0 Cotonou, Benin, kwenye marudiano. Ila anayedhani Aziz Ki ni zao la akademi ya ASEC amekosea. Alipitia Hispania na Cyprus kwanza, akafika ASEC akiwa mtu mzima. Mazao ya Sol Béni, kituo cha klabu chenye akademi hiyo, ni mengine kabisa.

Klabu yenyewe ni ya 1948, njano na nyeusi, watani wa jadi wa Africa Sports. Ubabe wake wa leo unaanzia 1989, wakili Roger Ouégnin alipochukua urais na kumleta kocha Mfaransa Philippe Troussier. Kuanzia mwaka huo hadi 1994 walicheza mechi 108 za ligi bila kupoteza hata moja. Nyumbani hapakuwa na wa kuwagusa. Afrika ilikuwa habari nyingine: fainali ya Klabu Bingwa Afrika ya 1995 walitoka sare ya 2-2 na Orlando Pirates Johannesburg, wakarudi kwao wakijua kazi imebaki ndogo, na bao moja la Jerry Sikhosana likawaua mbele ya watu wao.

Kombe hilo la Afrika walilipata 1998 kwa kuwafunga Dynamos ya Harare 4-2 baada ya suluhu ugenini. Lina doa lake. Nahodha wa Dynamos, Memory Mucherahowa, aliumizwa kwenye vurugu wakati timu zinapasha misuli, na hakucheza.

Kwangu mimi, kombe hilo lina uzito mdogo kuliko kilichokuwa kikipikwa pembeni. Miaka michache nyuma, Ouégnin na Jean-Marc Guillou, kiungo wa zamani wa Ufaransa, walianzisha akademi ya MimoSifcom, jina lililounganisha klabu na mfadhili wake. Watoto waliishi, wakasoma na kucheza hapohapo Sol Béni. Na walicheza peku. Wengi huliona hilo kama umaskini, lilikuwa somo. Mguu mtupu ukiupiga mpira vibaya, kidole ndicho kinachokwambia, papo hapo, kabla kocha hajafungua mdomo. Kiatu kinaficha kosa. Viatu vilikuja baadaye, baada ya kufaulu majaribio ya danadana. Nguvu na kimo havikuwa na haraka.

Februari 1999 ukaja mtihani. Mabingwa wengi walikuwa wameondoka, na Super Cup ya Afrika, mechi ya bingwa wa Afrika na mshindi wa Kombe la Washindi, dhidi ya Espérance ya Tunis ilikuwa mlangoni. Ouégnin akawaingiza makinda: Kolo Touré, Didier Zokora, Aruna Dindane na wenzao, wengi wakiwa bado hawajafika miaka 20. Wakashinda 3-1 katika muda wa nyongeza.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, klabu ilipoharibu hesabu. Guillou aliondoka, akachukua usukani wa Beveren ya Ubelgiji mwaka 2001, nchi ambayo haikuweka kikomo cha wachezaji wa kigeni. Yaya Touré, Emmanuel Eboué, Arthur Boka, Romaric na baadaye Gervinho wote walipita mlango huo. Beveren ilifika fainali ya Kombe la Ubelgiji 2004 ikiwa karibu yote Waivory Coast, ikafungwa 4-2 na Club Brugge. Kuuza si dhambi; kuuza darasa zima kwa pamoja ndiyo tabu, kwa sababu darasa jingine halipikwi kwa msimu mmoja. ASEC wamefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2006 na ya Kombe la Shirikisho 2023, lakini ubingwa wa Afrika haujarudi tangu 1998.

Kuna pesa nyingine ambayo mashabiki wetu hawaiongelei: mgao wa mshikamano wa FIFA. Mchezaji akinunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba ukiwa hai, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea. Msimu wa miaka 12 (yaani ule anaotimiza umri huo) hadi wa 15 ni asilimia 0.25 ya ada kila mmoja. Wa miaka 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Kinda aliyesajiliwa kwako kuanzia msimu wa miaka 13 hadi wa miaka 18 anakupa asilimia 2.25, yaani euro 225,000 akiuzwa kwa milioni 10, na unalipwa tena kila anapouzwa. Tatizo huwa ni karatasi. Mtoto aliyelelewa miaka sita lakini akaandikishwa shirikisho akiwa na miaka 17, pasipoti yake ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa, inaonyesha miaka miwili. Akiondoka mkataba ukiwa umeisha, hakuna ada, hivyo hakuna cha kugawa.

Na ndiyo maana Aziz Ki, aliyezaliwa Machi 1996 na kutua ASEC akiwa ameshavuka msimu wa miaka 23, hata auzwe mara ngapi, mgao wake utakwenda kwa klabu za ujana wake, na Sol Béni haitaonja.