Zawadi ya Mzee Iliyopimwa kwa Mizani

Katika jiji la Qingdao, lililoko pwani ya mkoa wa Shandong mashariki mwa China, bia haiuzwi kwenye chupa pekee. Katika vichochoro vya mji mkongwe kuna maduka madogo yenye mapipa ya chuma mlangoni, na muuzaji hufungua bomba la pipa, huijaza bia katika mfuko wa plastiki, huuweka mfuko kwenye mizani kama auzaye sukari, huufunga fundo, kisha humkabidhi mteja pamoja na mrija. Jioni wenyeji hutembea na mifuko hiyo barabarani, wengine wameitundika kwenye usukani wa baiskeli, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Kiwanda cha bia cha mji huo kilianzishwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1903, wakati Qingdao ilipokuwa koloni la Ujerumani, kwa hiyo wenyeji wamepata muda wa kutosha wa kuyazoea mambo haya. Mzee kutoka Tanga niliyemwongoza hakuwa amepewa muda huo.

Mzee alikuwa amekuja kutafuta mashine ya kukamua mafuta ya karanga, na alikuja mahali panapofaa, kwa sababu mkoa wa Shandong unalima karanga kwa wingi. Mimi nilikuwa mwanafunzi mjini humo, nikajipatia kazi ya kumkalimania. Tulikubaliana kwamba ujira wangu ungelipwa mkataba wa mashine utakapotiwa saini, yaani jioni ya siku hiyohiyo, na ningemwomba msomaji alishike jambo hilo kabla hajaanza kunihukumu. Mzee alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti jeusi na kofia ya viua, na tangu aliposhuka kwenye ndege hakuwa ameweka mdomoni kitu asichokijua asili yake.

Asubuhi, mfanyabiashara wa mashine alituchukua kwa gari lake ili atuonyeshe mji. Tulipofika kwenye kichochoro kimoja alisimama, akashuka, akarudi na mifuko miwili iliyojaa kinywaji cha rangi ya dhahabu chenye povu juu. Mmoja alijiwekea garini, na mwingine akamkabidhi Mzee kwa mikono miwili, kama adabu ya kwao inavyotaka. Mkalimani hakuhesabiwa. Mzee naye akaupokea kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu yeye, watoto wake na biashara yake, nami nikaitafsiri yote, ikiwemo sehemu ya kuomba Mungu aibariki mikono iliyokitayarisha kinywaji kile.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, kule Kilimanjaro. Bia huitambua kwa harufu kabla sijaiona.

“Juisi ya miwa,” alisema Mzee kwa furaha, huku akiuinua mfuko kwenye mwanga wa jua. “Tazama rangi, tazama povu. Na mfuko wa rambo juu yake! Kwetu tangu mwaka 2019 walipoipiga marufuku mifuko hii, sijaona juisi ikibebwa kwa heshima namna hii.”

Nilifungua mdomo ili niseme, lakini wakati huohuo simu ya mfanyabiashara ililia, akasikiliza, akatuomba radhi kwamba ameitwa kiwandani kwa dharura, akatuahidi chakula cha jioni, akatushusha karibu na bahari na kuondoka. Nilibaki barabarani na mzee wa Kiislamu aliyekumbatia karibu kilo moja ya bia aliyokwisha kuiombea dua. Nilijiuliza kitakachotokea endapo nitamweleza: je, ataona ametukanwa, na je, mtu aliyetukanwa asubuhi hutia saini mkataba jioni? Nilipojijibu, nilijitolea kumbebea.

“Hapana, mwanangu. Zawadi ya mtu hubebwa na aliyepewa.”

Kilichoniokoa kwa wakati huo ni malezi yake. Mzee hanywi kitu akiwa amesimama wala akiwa anatembea; kinywaji kwake ni mpaka aketi mahali pa staha, ataje jina la Mungu, ndipo anywe. Kwa hiyo kazi yangu ya siku nzima ilikuwa nyepesi kuielezea: nilipaswa kumwonyesha Mzee vivutio vyote vya Qingdao bila kumruhusu kuketi.

Tulianza na gati la Zhanqiao, linaloingia baharini kwa takriban mita 440 na kuishia kwenye banda la ghorofa mbili lenye paa la Kichina, liitwalo Huilan. Mzee alifurahi kusikia kwamba gati hilo lilianzishwa na serikali ya wafalme wa Qing wa China mapema katika miaka ya 1890, kabla ya Wajerumani kuteka ghuba ile mnamo Novemba 1897 kwa kisingizio cha wamisionari wawili waliouawa, na kuwalazimisha Wachina kuwakodishia kwa miaka 99. Nilimweleza kwamba miaka hiyo haikutimia, kwa kuwa tarehe 7 Novemba 1914 Wajerumani wa Qingdao walisalimu amri mbele ya Wajapani, waliosaidiwa na Waingereza. Mzee akasimama ghafla katikati ya gati.

“Novemba 1914? Wiki hiyohiyo Wajerumani walikuwa Tanga wanawafukuza Waingereza!” Ilikuwa kweli, kwani mapigano ya Tanga yaliisha tarehe 5. Mzee alitafakari, akatikisa kichwa. “Kwetu nyuki waliingia vitani, wakawashambulia askari. Wajerumani wa hapa hawakuwa na nyuki.”

Alilichunguza lile banda kwa makini kuanzia paa mpaka ngazi, akasema halitasahau. Maneno hayo yalikuja kunigharimu baadaye. Ndani ya umati ule nilijaribu pia kumsukuma mtu mmoja ili autoboe mfuko, lakini Wachina walimpisha Mzee kwa heshima iliyonikatisha tamaa.

Kutoka hapo tulipanda mpaka Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, ambalo watu wengi hulidhania kuwa la enzi za ukoloni, kumbe lilikamilika mwaka 1934, miaka 20 baada ya utawala wa Wajerumani kwisha. Minara yake miwili ina urefu wa mita 56, lakini mgeni hapati nafasi ya kuitazama kwa sababu uwanja wa mbele umejaa mabibi harusi. Hawaji kufunga ndoa. Huja kupigwa picha, kila mmoja na mpiga picha wake, na msaidizi wa kurusha mkia wa gauni hewani. Mpiga picha mmoja alipomwona Mzee na kanzu yake aliacha kazi yote, akamwomba asimame kati ya bibi na bwana harusi. Kisha akauona mfuko. Alicheka mpaka akainama, akamwonyesha Mzee kwa ishara auinue juu. Mzee aliuinua, bibi harusi akainua shada lake la maua, bwana harusi akainua kidole gumba, na hivi ninavyoandika ipo nyumba huko China ambayo ukutani mwake kuna picha ya mzee mwenye kofia ya viua akiwatakia maharusi maisha marefu kwa mfuko wa bia.

“Wanaipenda sana miwa hawa,” alisema Mzee tulipoondoka.

Saa ya chakula cha mchana ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu chakula hukaliwa. Nilimpeleka kwenye mgahawa wa tambi za Lanzhou, ambao huendeshwa na Waislamu wa China na hupatikana karibu katika kila mji wa nchi ile. Mwenye mgahawa, aliyevaa kofia nyeupe, alipomwona Mzee mlangoni alitoka jikoni na unga mikononi, akatoa salamu kwa sauti iliyowafanya wateja wote wageuke. Mzee aliitikia kwa sauti kubwa zaidi. Walishikana mikono, wakatajiana majina ya Mwenyezi Mungu kwa kuwa hawakuwa na maneno mengine ya pamoja, na Mzee machozi yakamlengalenga. Ndipo macho ya mwenye mgahawa yaliposhuka taratibu kutoka kwenye kofia ya viua, yakapita kwenye ndevu nyeupe, yakatua kwenye mfuko.

Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo la kukataza pombe, lenye maandishi makubwa ambayo hayakuhitaji miwani. Mwenye mgahawa aliutazama mfuko, akamtazama Mzee, akanitazama mimi. Nilimvuta pembeni, nikamnong’oneza kwa Kichina kwamba Mzee ni mtu mwema, kwamba amepewa zawadi na mtu asiyejua dini yake, na kwamba yeye mwenyewe hajui kilichomo. Akaniuliza kwa nini basi sijamwambia. Nilimweleza habari za mkataba na za ujira. Alinitazama kwa muda, akachukua mfuko kutoka mikononi mwa Mzee kwa ncha za vidole, akaenda kuutundika nje kwenye usukani wa pikipiki.

“Mbona juisi yangu imetolewa nje?” Mzee aliuliza.

“Vinywaji kutoka nje haviruhusiwi, Mzee,” nilijibu, na hakuna mtu duniani anayeweza kunithibitishia kwamba hilo lilikuwa uongo.

Nilikula tambi nikiwa nimeelekeza uso dirishani, nikiomba apite mwizi. Walipita wanafunzi, wakapita mafundi, akapita kijana mmoja aliyeonekana kuwa na kiu halisi, na wote wakauacha mfuko ukining’inia juani. Nchi ile ina amani iliyopitiliza. Tulipotoka mfuko ulikuwa umepata joto na umeanza kuvimba, na mwenye mgahawa alimuaga Mzee kwa huruma kama anayemuaga mgonjwa.

Ikulu ya gavana wa Kijerumani, jumba la mawe lililo chini ya Kilima cha Ishara, tuliipitia kwa haraka kwa sababu ina viti vingi mno. Nilimwambia tu kwamba Mao Zedong alikaa humo na familia yake majira ya joto ya mwaka 1957, naye akajibu kwamba kila anayewaondoa wakoloni huishia kulala kwenye vitanda vyao.

Tatizo jipya lilitukuta kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Nchini China mizigo yote hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na mwenye kinywaji huweza kutakiwa anywe kidogo mbele ya askari ili ithibitike kwamba si petroli wala tindikali. Askari, binti mdogo mwenye tabasamu, aliuelekeza mkono kwenye mfuko kisha kwenye mdomo wa Mzee.

“Anataka ninywe? Nimesimama hivi?”

Sikungoja. Niliuchukua mfuko, nikafungua fundo, nikatumbukiza mrija na kunywa kwa niaba yake, na kwa kuwa niliona nafasi ya kuipunguza shehena, nilikunywa mpaka binti askari akaanza kunionyesha kwa mkono kwamba inatosha. Mzee aliniwekea mkono begani. “Mwanangu, hata kama ingekuwa na sumu ungeanza wewe. Wazazi wako wamelea.” Nilitaka kujibu, lakini gesi ilinizuia. Nililikaza fundo upya kwa nguvu zangu zote.

Badaguan ni mtaa wa majumba ya kifahari yaliyojengwa kwa mitindo ya nchi nyingi za Ulaya, na barabara zake zimepewa majina ya malango mashuhuri ya kale ya China, nyingi zikiwa na aina yake ya mti kandokando: huku mipichi, kule miti ya ginkgo yenye majani ya umbo la upepeo. Ni mahali pazuri kupita kiasi, na ubaya wake ni kwamba pana mabenchi. Mzee alichagua lililotazama bahari, akaketi, akakunja kanzu vizuri magotini, akaupakata mfuko ambao kwa mtikisiko wa safari na joto la Julai ulikuwa umekaza hadi fundo lake likapotea. “Sasa,” alisema, “bismillahi.”

Nilisema, “Mzee, ngoja,” naye akaukamua kidogo ili alipate fundo.

Mlipuko haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa wa haki, kwa maana haukuacha sehemu ya Mzee bila fungu lake. Kofia ya viua ilipata, ndevu zilipata, koti lilipata, na kanzu ilipata zaidi ya vyote. Mdomoni, namshukuru Mungu kwa niaba yetu sote wawili, halikuingia tone, kwa sababu alikuwa ameufumba kwa hasira. Alikaa kimya akichuruzika, akanusa mkono wa kanzu, akakunja uso.

“Imechacha,” alisema. “Umenizungusha juani na makanisa yako mpaka miwa imekuwa tembo.”

Niliinamisha kichwa na kukubali lawama hiyo kwa moyo mkunjufu.

Kwenye treni ya kurudi hotelini watu waliokuwa karibu nasi walivuta pumzi, wakamtazama mzee mwenye mavazi ya ibada anayenukia pipa zima, na kijana mmoja akainuka kumpisha kiti. Bwana mwingine wa makamo, mwenye pua nyekundu, alimpungia mkono kwa uchangamfu wa watu wa chama kimoja. Mzee alimpungia pia. “Watu wa hapa wana upendo,” aliniambia.

Jioni alikuja mezani amevaa kanzu nyingine. Mfanyabiashara alikuwa ameagiza samaki na kome wa kukaangwa kwa pilipili, chakula ambacho watu wa Qingdao hawakitenganishi na bia, na mbele yake mwenyewe palikuwa na chupa ya kijani. Mkataba ulitiwa saini kabla ya kome kufika, nami nikapumua. Mzee alikuwa akifuta kidole wino ndipo macho yake yakatua kwenye chupa. Kwenye nembo yake pamechorwa banda la ghorofa mbili lenye paa la Kichina.

“Lile banda la gatini,” alisema, akaisogeza chupa karibu ili alitazame vizuri. Kisha pua yake ikafanya kazi ambayo macho hayakuifanya tangu asubuhi. Aliirudisha chupa mahali pake polepole sana, akanigeukia.

Wakati huohuo mfanyabiashara aliuliza kwa bashasha kama mgeni wake alikifurahia kinywaji cha asubuhi. Nilitafsiri swali, kwa kuwa ndiyo kazi niliyolipwa, au niliyotarajia kulipwa. Mzee alijibu bila kuniondolea macho:

“Mwambie zawadi yake ilifika. Nusu imenywewa na kanzu, nusu imenywewa na mkalimani. Kanzu nimeshaifua.”

Nilimgeukia mfanyabiashara, nikamwambia kwamba Mzee anashukuru sana. Alifurahi mno, akamwita mhudumu, akaagiza aletewe mfuko mwingine.