Mchicha wa Ghorofa ya Tatu

Mimi nakaa Kirumba, Mwanza, ghorofa ya tatu. Asubuhi nikifungua mlango wa kibaraza, Ziwa Victoria lote limelala pale mbele, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, linametameta. Nageuka, nafungua bomba la jikoni. Linakohoa mara mbili, linanyamaza. Maji nanunua kwa ndoo, tena huku naliangalia ziwa.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kulima mboga.

Chanzo ni fungu la mchicha la shilingi 500. Nimelifungua nyumbani, nimehesabu mashina tisa, moja gugu. Nikamwambia mke wangu, kuanzia leo nalima mwenyewe. Akasema "haya". Waliooa wanaijua hiyo "haya".

Udongo kwanza. Wenyeji mnajua, Mwanza mawe tunayo ya kugawa. Watu wamejenga juu ya mawe, wanaanika nguo juu ya mawe, lile la Bismarck limesimama majini watu wanakwenda kulipiga picha. Ila tafuta udongo mweusi wa kujaza ndoo uone utakavyozungushwa. Nikampata kijana mmoja, akaniuzia viroba vitatu vya udongo na kimoja cha samadi. Cha samadi kilikuwa na tundu. Kutoka getini hadi mlangoni kwangu tuliacha mstari, mgeni angeapa kwamba ng'ombe amepanda ngazi. Mlinzi akaniita pembeni, kwa sauti ya chini kabisa:

"Bosi, unafuga?"

Nikajaza ndoo tatu za rangi, zile za lita 20, nikasia, nikamwagilia kwa moyo wote. Siku ya nne nikaanza kunusa kitu. Kumbe sikutoboa matundu chini. Mbegu hazikuota, zilivundika humo kama togwa. Basi nikachoma msumari kwenye jiko la gesi, nikatoboa matundu matano kila ndoo, nyumba nzima ikanuka plastiki. Maji yakapata njia. Njia nayo ikapata shuka jeupe la jirani wa chini.

Akapanda mwenyewe, mtu mstaarabu. "Jirani, habari za asubuhi. Samahani, haya maji ya kahawia ni ya nini?" Nikamwambia ni ya mchicha. Akatafakari. "Na harufu?" Hiyo ni ya samadi. Akashuka bila kuaga.

Samadi yenyewe ilikuwa mbichi, ikaunguza miche ya awamu ya pili. Hiyo sitaki hata kuiongelea.

Nikaamua ndoo moja niweke nyanya. Mjini kila mtu bwana shamba, na fundi cherehani wa hapo chini akanipa siri: nenda soko la samaki la Mwaloni, chukua vichwa vya sato, fukia chini ya mche, utanishukuru. Nikafukia. Alfajiri nasikia ngo, ngo, ngo kwenye ndoo. Mwizi huyo! Nikatoka na ufagio na kaptula.

Alikuwa korongo. Wale wetu wenye upara na mfuko wa nyama shingoni, wanaosimama jalalani kama wazee wanaosuluhisha ndoa. Ukiwa mbali ni burudani. Kwenye kibaraza cha hatua tatu, anakufika kifuani. Mdomoni kabana kichwa cha sato, na mche wangu wa nyanya unaning'inia kwa mizizi. Ananitazama. Namtazama. Nikasema "shii", lakini ikatoka ya kuomba. Akajinyea miguuni, taratibu, bila kuondoa macho kwangu. Nimeambiwa baadaye ndivyo wanavyojipoza joto, si dharau. Saa kumi na mbili asubuhi joto liko wapi?

Wiki hiyohiyo akaja mama mkwe kutoka Misungwi. Akazunguka ndoo zangu, mikono nyuma.

"Baba, hii miche ikikomaa utaihamishia shamba gani?"

"Shamba ndilo hili, mama."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akafungua kapu lake: mgagani, nsansa, zile mboga za majani zilizokaushwa, ya kutosha mwezi, na michembe ya viazi vitamu. Mke wangu akavipokea huku ananiangalia mimi.

Lakini nilivuna, jamani! Awamu ya tatu, samadi iliyooza vizuri, wiki ya nne mchicha umesimama. Nikakata mwenyewe kwa mkasi, sufuria ikajaa hadi mfuniko ukagoma. Dakika tano motoni, ukanywea hadi bakuli moja. Nikapiga hesabu: ndoo, udongo, samadi, bodaboda, maji, sabuni ya shuka la watu. Shilingi 31,500. Mtoto akala vijiko viwili akauliza kama kuna dagaa.

Kisa cha jirani hakijaisha. Juzi nimeinama kibarazani nichungulie chini, naona kaweka ndoo yake palepale maji yangu yanapodondokea, kapanda matembele. Yamestawi hayo, yamefunika ndoo, jani halina hata tundu. Maji nanunua mimi, samadi yangu, yeye kazi yake kuchuma tu.

Jana sikumwagilia, maana maji yaliniishia. Jioni nasikia hodi.

"Jirani, za jioni? Nimeona nije kukujulia hali. Leo mbona kimya huku juu?"