Mzee Katutoka

Naandika nikiwa Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa nne usiku, kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji. Pembeni yangu amekaa baba mkwe, anatafuna karanga, mzima kabisa. Hilo lishikeni: mzima kabisa. Najua wengi wenu mmeshaisikia ile voisi ya shemeji ya kutangaza msiba wake, ile yenye vilio kwa nyuma, na kuna watu tangu asubuhi wananitumia picha za jeneza halafu wanacheka. Basi la Mwanza limechelewa, kwa hiyo muda ninao. Acheni niseme mwenyewe.

Chanzo ni tangi la samaki.

Novemba kuna familia ilikuwa inahama Upanga, wakaniuzia akwariamu yao kwa bei ambayo mke wangu sikumwambia na ninyi siwaambii. Urefu mita 1.5, upana sentimita 50, kina 60. Pigeni hesabu: lita 450. Maji peke yake kilo 450, yaani ng'ombe mzima kasimama sebuleni kwangu Tabata. Meza nikachongesha Keko, mbao nene, nayo bei msiniulize. Wakanipa na hita kama zawadi. Hita ya kupashia maji. Dar es Salaam. Nikaipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Ikaja zamu ya samaki, na hapa ndipo nilipokosea, kwa sababu nilichagua samaki kama mtu anavyochagua kitenge. Hii rangi nzuri, nipe. Ile inang'aa, nipe na ile. Nikarudi na samaki wa dhahabu 12, mbuna 10 wa njano na buluu, na vile vitetra vyenye mstari unaowaka kama taa ya bajaji, 15. Siku hiyohiyo nikafungua bomba, nikajaza, nikawamwaga wote. Asubuhi saba wameelea.

Jamaa mmoja anayefuga akanifundisha: maji ya bomba yana klorini, yaache kwanza kwenye madumu na ndoo yapoe, halafu tangi lenyewe likae wiki 4 hadi 6 lijenge bakteria wa kumaliza amonia inayotokana na kinyesi cha samaki. Wiki sita! Nani ananunua tangi la kutazama maji?

Nikahamia maji ya kisima. Sasa mnayajua maji ya visima vya huku kwetu, yana chumvichumvi, sabuni inagoma kutoa povu. Vitetra kwao ni Amazon, maji laini kama ya mvua, vikasinyaa vikapauka. Mbuna kwao ni Ziwa Nyasa, maji magumu ndiyo starehe yao, wakachangamka, wakagawana mawe kama wanagawana viwanja vya Kigamboni, na kila samaki wa dhahabu aliyekatiza kiwanja cha mtu aling'atwa mkia. Maskini wale ni samaki wa maji ya baridi, wazito, wapole, wanaogelea kama mama mjamzito kwenye foleni ya mwendokasi. Ukiniuliza kwa nini niliwaweka pamoja, nitakujibu: rangi ziliendana.

Tangi likachafuka. Binamu yangu mwenye bwawa la samaki Kibaha akaniletea "msafishaji" ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Kitu chenyewe urefu wa kidole, cheusi, kichwa bapa, ndevu nane. "Huyu kazi yake kuokota mabaki chini," akasema, na alikuwa anacheka, na mimi nikacheka naye kwa sababu nilidhani tunafurahi pamoja. Nikampenda palepale. Zile ndevu, ule uso wa mstaafu anayesubiri mafao. Nikampa jina: Mzee.

Desemba samaki wakaanza kupotea. Si kufa, kupotea. Hakuna mzoga, hakuna pezi. Nikanunua daftari. Kila asubuhi kabla ya kazi nasimama mbele ya kioo naita mahudhurio, mke wangu anapita na chai anatikisa kichwa. Januari 9 nimeandika: tetra 4, dhahabu 3, mbuna 8, Mzee yupo. Februari 2: tetra 0, dhahabu 1, mbuna 6, Mzee yupo. Nilimshuku paka wa jirani, nikaenda kwa jirani nikamsema paka mbele ya watoto wake. Nilimshuku dada wa kazi, Mungu anisamehe. Nikanunua samaki wengine, nao wakapotea. Na kwenye kila ukurasa wa lile daftari, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Mzee yupo. Mzee yupo, mnene. Mzee yupo, mashallah.

(Wewe unayeandika "ulikuwa hujui kambare?" nakujua, na najua ulichomfanyia yule bata. Nyamaza.)

Jumamosi wakwe wakaingia kutoka Ukerewe kuja kumwona mjukuu. Baba mkwe amevua ziwani zaidi ya miaka 40. Jana jioni akasimama mbele ya tangi, mikono nyuma, muda mrefu. Ndani kulikuwa na Mzee, sasa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, na mbuna mmoja wa njano aliyejibana katikati ya mawe.

"Wenzake wako wapi?"

"Wanapotea, baba. Nafikiri ni paka."

Akamtazama Mzee. Akanitazama mimi. Akarudi kwa Mzee, kwenye lile tumbo.

"Mkwe, huyu ni kambare."

"Ndiyo, baba. Msafishaji."

"Naona. Amesafisha."

Kisha akanisimulia kwamba ziwani kwao kulikuwa na furu wa kila namna, mamia ya aina, wengine hata majina hawana. Miaka ya 1950 wakaletwa sangara. Kufika miaka ya 1980 furu unawatafuta kwa tochi. "Lakini ile ilichukua miaka 30," akasema. "Wewe miezi mitano, peke yako, sebuleni." Akaongeza kuwa samaki hamuulizi mwenzake ametoka ziwa gani, anampima kama anaingia mdomoni. Na mwisho, akielekea mezani: "Pale juu pafunge. Mvua inakuja. Kambare akisikia mvua hatulii majini, anatembea."

Nikacheka. Nikamwambia mtu aliyevua miaka 40, nanukuu: "Baba, huyu ni wa mapambo."

Mfuniko wangu ni kipande cha plaiwudi. Huwa naweka tofali juu. Tofali nilikuwa nimelitoa asubuhi, mimi mwenyewe, ili sebule ionekane ya mtu mwenye heshima zake.

Mezani mtoto wangu wa miaka minne akasema, "Mama, Mzee hajala leo." Baba mkwe akatabasamu, "Nimekula, mjukuu wangu." Mimi na mke wangu tukatazama sahani. Hapo ndipo ningesema. Ningesema tu, jamani, kuna samaki humu anaitwa Mzee. Lakini unamwambiaje baba mkwe kwamba umempa kambare jina la heshima yake kwa ajili ya ndevu?

Saa sita usiku luku ikaisha. Nilikuwa nimeambiwa ninunue tangu Ijumaa. Feni kimya, pampu ya hewa kimya, mvua ikashika bati.

Saa nane nikasikia: pwaa!

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo shemeji amechakachua.

Nimeamka, giza, nimeshika kilichokuwa karibu nikajifunga kiunoni. Kilikuwa khanga ya mke wangu, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Simu ina chaji asilimia 4. Namulika tangi: plaiwudi imekaa upande. Namulika ndani: maji, mawe, mbuna mmoja ananitazama kama shahidi aliyekula kiapo. Namulika sakafu: michirizi ya maji, utelezi, imepinda kwenye kona ya kochi, imeingia koridoni, inaelekea chumba walicholala wakwe.

Mtu mwenye akili angemwamsha mke wake kwa kumgusa bega. Mimi nilisimama koridoni, mlangoni kwa wakwe, saa nane ya usiku, nikapiga kelele kwa sauti yote niliyopewa na Mola:

"Jamani amkeni! Mzee katutoka! Mzee hayupo tena!"

Nilimaanisha katoka. Kwenye tangi. Sijui ile "tu" iliingilia wapi.

Kukawa kimya. Mvua tu. Mle ndani nikasikia mkono unapapasa kitanda, upande wa ukutani. Unapapasa. Unapapasa tena kwa haraka. Hakuna mtu. Kwa sababu umeme ulipokatika maji ya ndani nayo yalikata, na baba mkwe, mtu mstaarabu, alikuwa ameamua kutomsumbua mtu akatoka kimyakimya kwenda choo cha uani.

Mama mkwe akavuta pumzi. Ile pumzi niliisikia ikiingia yote. Halafu akalia.

Jamani, wanawake wa Ukerewe wana vifua. Kilio kile kilivuka ukuta, kikavuka mtaro, paka wa jirani akaruka bati. Mke wangu, ambaye anamjua Mzee, ambaye anamlisha Mzee, aliamshwa na kilio cha mama yake akaunganisha bila kuuliza. Shemeji aliyelala kwenye godoro sebuleni tayari alikuwa na simu sikioni, namsikia: "Shangazi, kaza moyo." Nami natamani kusema "si yule Mzee", lakini wakati huohuo tochi imemwona Mzee, yule mwenye ndevu, chini ya rafu ya viatu, anajisukuma kwa mapezi mwendo wa mtu anayewahi usaili. Nikamrukia.

Kambare kwenye pezi la kifuani ana mwiba, kila upande mmoja, wenye meno kama msumeno. Akishtuka anausimamisha. Ukaingia kwenye nyama chini ya kidole gumba nao ukakaa. Kwa hiyo sasa na mimi nalia, na kilio changu ni cha kweli, na majirani wanaingia na tochi wanamkuta mkwe mtu kapiga magoti kwenye viatu, ana khanga, damu mkononi, anagugumia "Mzee, Mzee, niachie Mzee." Jirani mmoja alifuta machozi. Mjumbe akaniwekea mkono begani akasema ni mapenzi ya Mungu. Kuna mtu alishaanza kusogeza kochi ili mkeka utandikwe.

Mlango wa uani ukafunguka. Baba mkwe, amejifunika shuka jeupe gubigubi kwa ajili ya mvua, akasimama pale akitazama umati.

"Nani kafariki?"

Mama mkwe, bila kufikiri: "Wewe!"

Mjumbe alitoka na ndala moja. Nyingine tunayo, akaichukue.

Yaliyobaki ni mafupi. Baba mkwe akaomba taulo, akamkamata Mzee nyuma ya kichwa kwa mkono mmoja kama anachukua kitasa, akanichomoa. Zahanati, sindano ya pepopunda, nyuzi tatu. Mchana mama mkwe akampika kwa nazi, mimi sikupewa kichwa. Mtoto akauliza, "Mzee yuko wapi?" Baba mkwe akamjibu, "Niko hapa," akaendelea kula. Yule jamaa anayefuga kanipigia, kacheka kwanza, kisha kaniambia tangi lile na maji yale niweke mbuna peke yao, kundi kubwa la 20 na zaidi ili ugomvi ugawanyike, mawe mengi, na nisilete mgeni yeyote mwenye ndevu.

Tatizo lililobaki ni shangazi. Kabla hatujamtuliza mtu, kundi la ukoo lilikuwa limeshachanga laki moja na arobaini, na shangazi wa Mwanza akapanda basi la alfajiri. Tumempigia njia nzima. Tukimwambia kaka yake mzima anasema, "Najua, ndivyo mtu aliye safarini anavyoambiwa." Baba mkwe mwenyewe akachukua simu akamwambia, "Dada, ni mimi." Akalia zaidi. Akasema mmepata wapi mtu wa kumwiga sauti. Tangu Dodoma simu haipatikani.

Ndiyo maana tuko hapa wawili. Mke wangu alitaka nije peke yangu nimwandae kwanza, baba mkwe akakataa, kasema anataka kuona mwenyewe jinsi atakavyolilia. Amevaa shati jeupe. Nimemwomba avae koti langu, amegoma.

Basi linaingia. Dirisha la tatu kuna mwanamke kajifunga khanga kichwani. Baba mkwe anasimama, anapangusa maganda ya karanga, anapunga mkono.