Mwacheni bwana mwongo na bibi mkali watuchekeshe

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba huku Katanga, kusini mwa Kongo, hakosekani mtu wa kutuma odio ndefu akilalamika kwamba michezo ya kuchekesha inaharibu ndoa. Eti bwana wa kwenye mchezo ni mwongo, mlevi wa lutuku, pombe kali ya huku, anaficha makuta, yaani pesa, na bibi naye ni kelele toka asubuhi, ana deni kwa kila duka la mtaa, watoto wanaangalia, sasa watajifunza nini? Na watu wanaitikia, amina, kweli kabisa papa pasta. Mimi sikubali. Ile ndoa nzuri ya filamu, bwana anafungua mlango wa gari, bibi anatabasamu, haijawahi kuniambia kitu chochote juu ya mji huu. Hawa wawili wanaogombana wamenionyesha historia ya Katanga kuliko madaftari yangu yote ya shule, kule tulikaririshwa tu kwamba Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilianzishwa mwaka 1906, basi, chora mstari, tarehe ya kesho.

Kuna mchezo mmoja mfupi ulizunguka kwa simu za watu hapa mtaani Katuba. Papa amepokea pesa yake ya kuachishwa kazi Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ameifunga kwa karatasi, ameisukuma chini kabisa ya gunia la makala, yaani makaa. Bibi anauliza, "Papa, balikulipa?" Anajibu, "Balinipa kidogo tu mama, ya transporti." Mama anamwangalia toka juu mpaka chini, hasemi kitu, anaita mtoto: leta makala, washa mbabula, lile jiko letu, leo tunakula bukari, yaani ugali, na kuku. Papa anaanza kutoka jasho. Eti leo hana njaa, eti kinywaji cha munkoyo peke yake kinatosha, eti daktari alimkataza kuku, daktari gani hatujui, na mtoto anazidi kuchimba gunia pole pole, mkono mpaka kwa kiwiko, na mama amekaa pale kwa kiti anachambua sombe, majani ya muhogo, kama hana habari, kumbe jirani alishamwambia kila kitu toka saa nne.

Tantine yangu alicheka mpaka kikwembe kikafunguka. Halafu akasema, "Ule ni baba ya batoto yangu kabisa," akaanza kuhesabu mahali pesa ya bwana wake ilipotelea: frigo ya kuuzia maji baridi, mashini ya kusaga iliyokufa mapema, mkopo wa shemeji ambao haukurudi. Sijawahi kumsikia anaongea juu ya ule mwaka wa kuachishwa kazi kabla ya hapo.

Kwa wasiokuwa wa huku: miaka ya 2003 na 2004 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya elfu 10 kwa mpigo, Benki ya Dunia ikisaidia kutoa pesa, watu waliokuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara wakapewa kiasi fulani mkononi na kwaheri. Mpaka leo tunawaita ba départ volontaire, eti walioondoka kwa hiari. Ukisoma ripoti utaona elfu 10, utaona dola, hutaona lile gunia la makala.

Na kwa nini papa anaficha? Si ubahili tu. Zamani, mpaka miaka ya 1920, kampuni, wakati ule bado Union Minière, ilileta wanaume kwa mikataba mifupi, wengi bila bibi, wanafanya kazi wanarudi kwao. Kuanzia 1928 ikabadilisha akili, ikataka mfanyakazi akae miaka mitatu, aoe, azae. Ikatoa nyumba, hospitali, shule, hata mkopo wa mahari. Posho ilipimwa kufuatana na ukubwa wa familia, na wamama walifundishwa kushona na kupiga pasi kwenye foyer social, vituo vya mafunzo ya wamama. Kwa hiyo mwanaume akawa baba kwa sababu kampuni iko nyuma yake. Kampuni ilipoanguka miaka ya 90, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka 1990 na shaba kushuka mwaka kwa mwaka, yeye akabaki na jina la baba bila posho. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya hizo familia, kilitoka 2001, na jina lake linasema Bana Shaba, watoto wa shaba, wameachwa na baba yao. Kisome halafu urudi uangalie papa wa gunia, utaona anaficha kile kidogo cha mwisho kinachomfanya aitwe mukubwa ndani ya nyumba.

Wakati wa rais Mobutu watu walicheka wakubwa hivyo hivyo, ila kwa kujificha zaidi. Mobutu alipenda kuuliza nani amewahi kuona kijiji chenye machifu wawili. Sawa mukubwa, nani angemjibu? Lakini bwana wa kwenye mchezo akipiga kifua kwamba nyumba haiwezi kuwa na wakubwa wawili, halafu bibi anatoka na mwiko, hapo watu wana ruhusa ya kucheka, kila mtu anacheka chifu wake. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilichekesha mji huu kwa redio na televisheni miaka hiyo, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, na wazee bado wanakumbuka.

Ila uhusiano mbovu ninaoupenda kuliko yote hauko kwa redio, uko ukutani. Mamba Muntu. Miaka ya 60 na 70 wachoraji wa hapa walimchora sana, mwanamke nusu samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu, mara nyingi na nyoka, na watu walimtundika salon, mahali pa wageni! Hadithi yake mnaijua: mwanaume anampata kando ya maji, anachukua nywele zake kidogo, usiku yeye anakuja kwa ndoto kuzidai, wanapatana, mwanaume anatajirika lakini asiseme kwa mtu, na bei yake ni mtu wa familia. Hebu fikiria hiyo ndoa. Hakuna mama mkwe, hakuna posho, hakuna maswali, pesa tu na kufunga mdomo. Mnaosema hadithi za ndoa mbovu zinafundisha tabia mbaya, mnadhani baba zetu waliitundika ili wakatafute samaki wa kuoa? Walikuwa wanaona watu wanatajirika ghafla bila kazi inayoonekana, hawawezi kutaja majina, wakamcheka yule wa kwenye picha. Wageni wanaelewa, wanakunywa bia yao.

Sasa sitaki mseme natetea kila kicheko. Mji huu ulicheka vibaya pia. Mwaka 1992 na 1993, wakati wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Katanga, waliitwa bilulu, wadudu, na kabla hawajalala stesheni na mizigo wakingoja treni ya kuwaondoa, lilikuwa neno la kutaniana, watu walilicheka baani. Ndoa za mchanganyiko zilivunjika kweli, watoto wakagawanywa. Kwa hiyo ninapoangalia mchezo najiuliza kitu kimoja tu, nani anatoka jasho. Kwa ule wa gunia ni mwenye nguvu ya nyumba. Kwa ile mingine ya siku hizi, bibi anapigwa kofi na sauti ya kicheko inawekwa juu, pale sioni historia wala ucheshi, naona uvivu wa mwandishi.

Ninachosubiri ni mchezo wa leo. Bwana anachimba Kolwezi, anatuma pesa kwa simu, wiki hii nyingi wiki ijayo hakuna, anasema ni netiweki, bibi kafungua biashara yake Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi, na sasa ana makuta kuliko yeye lakini naye anaficha, kwa gunia lile lile. Nani ataiandika? Na tafadhali mama mkwe awe ndani, tena akalie gunia lenyewe.