Keki Nayo Inacheza

Fundi mitambo wetu ana imani moja: mpiga besi anahitaji vidole, waya na adabu. Pedali, vile vifaa vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa, ni za wapiga solo. Mimi humjibu kwa ilimba, ile ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba. Wazee wa Kigogo hawakungoja umeme. Walitoboa kisanduku chake, wakaziba tundu kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo. Hiyo siyo pedali? Husonya tu, akaendelea kukunja nyaya zake.

Basi Jumamosi moja, kwenye sendofu huko Nkuhungu, nikaja na pedali ya oktava. Yenyewe hushusha noti unayopiga oktava nzima, yaani mitikisiko inabaki nusu. Ukiwa juu shingoni mwa gitaa, utamu mtupu. Ila waya mnene, ule wa E, ukiupiga wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Ukiushusha oktava unabaki na 20 na ushee, pale masikio ya binadamu yanapoanza kugoma. Nami sauti ya kawaida nilikuwa nimeizima, nataka oktava tupu.

Sasa, mpambaji alikuwa ameona spika yetu ya besi inamharibia ukumbi. Akaivika kitambaa cheupe, akaifunga utepe, juu yake akaweka keki. Ya ghorofa tatu!

Binti anaingia, nakanyaga pedali, napiga E. Kimya. Naongeza sauti. Kimya. Kumbe keki imeshaanza safari, taratibu, kwa madaha, kuelekea ukingoni. Emsii, mtu asiyekosa la kusema, akapaza sauti: “Mabibi na mabwana, keki nayo inacheza!” Vigelegele. Shangazi mmoja kutoka Mvumi akainuka kwenda kuitunza, elfu tano mkononi. Mimi najua wanashangilia besi, nikazidisha.

Ghorofa ya juu ilitangulia, mwenyekiti wa kamati akaipokea kwa suti yake. Mbili zilizobaki zikafuata kwa pamoja.

Kamati ikakata hela ya keki kwenye malipo yetu. Nikawaambia, “Wazee wangu, spika si meza, mkateni mpambaji.” Nani anisikilize? Shangazi bado alikuwa anauliza hela yake aibandike wapi.

Wiki iliyofuata fundi akapigiwa simu kutoka Kizota. Wanataka bendi, ila kwanza wajue: ile keki inayocheza tunakuja nayo sisi, au wanunue wao?